Kibao kina bendera, hakina bei

Wadau, kila Juni ni mchezo uleule. Waziri wa Fedha anasimama Bungeni Dodoma na mkoba wake, sisi waandishi tunasikiliza bia imepanda shilingi ngapi na soda shilingi ngapi, kesho yake magazeti yote yana picha ya mkoba. Basi, bajeti imekwisha. Kuna fungu moja la fedha ambalo tunalipita kila mwaka kana kwamba halituhusu: fedha za wafadhili. (Siku hizi wanaitwa "washirika wa maendeleo", neno wafadhili limeonekana halina adabu. Mimi nitaendelea nalo.)

Kwetu ni Ikoma, wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara. Najua ukimwambia mtu wa Dar "Ikoma" anachofikiria ni geti la kuingilia hifadhini. Sawa, lakini nje ya lile geti kuna watu. Kuna Robanda, kuna Nata, kuna Park Nyigoti, kuna Makundusi, na wote hawa wanaamka na nyumbu mlangoni. Na penye nyumbu wafadhili hawakosi! Wanorwei walikuja na NORAD, na mradi wao wa hifadhi ya ukanda wa Serengeti. Wajerumani wapo kupitia benki yao ya KfW na Shirika la Wanyama la Frankfurt. Wamarekani nao walikuwepo, hasa kwenye afya. Wajerumani wala si wageni kwetu, ngome yao ya kikoloni ya Fort Ikoma ndiyo iliyotangulia, na hiyo nayo hatukuulizwa.

Kila mmoja ana kibao. Ukitoka Mugumu kuelekea Robanda unaweza kujifunza bendera za dunia bila kwenda shule. Kibao cha darasa, kibao cha zahanati, kibao cha kisima. Mimi nina tabia ya kusimama kusoma vibao, ndiyo kazi yangu. Vingi nilivyosoma vinasema nani katoa, mradi unaitwaje, na wakati mwingine nani kajenga. Kiasi kilichotolewa? Hakuna. Bendera ipo, bei haipo.

Utasema, sasa huyu naye, bei ya nini wakati darasa lipo na watoto wanasoma? Subiri.

Septemba 2021 IMF iliipa Tanzania dola milioni 567 za dharura ya UVIKO-19, karibu shilingi trilioni 1.3. Oktoba 10 mwaka huohuo Rais Samia akazindua mpango wa matumizi yake pale Dodoma. Sehemu kubwa iliyotusisimua wananchi ilikuwa madarasa 15,000 nchi nzima, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi. Na ndani ya tangazo lile kulikuwa na namba moja ndogo ambayo nadhani ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko trilioni zote: kila darasa shilingi milioni 20. Siyo "fedha za kutosha", siyo "mamilioni ya fedha". Milioni 20. Mtu yeyote aliyewahi kujenga hata banda la kuku anaweza kuanza kupiga hesabu hapo.

Watu wakapiga. Fedha zilipita kwenye kamati za shule na mafundi wa mtaani badala ya makandarasi wakubwa, na kijiweni mada ikawa saruji. Mifuko mingapi, bati geji gani, mbao zimetoka wapi, kwa nini wenzetu wa kata jirani wamepata na viti sisi hatuna. Mzee mmoja wa Robanda, aliwahi kuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji, alinieleza hivi:

"Mura, yale ya UVIKO tulijua ni milioni 20. Tulihesabu mpaka misumari."

Nikamuuliza, "Na lile jengo la wafadhili, mzee wangu, lilikuwa shilingi ngapi?"

Akanitazama kama mtoto asiyefunzwa. "Lile ni la watu. Mtu akikupa zawadi unamuuliza bei?"

Jamani, nilikosa jibu pale pale, maana kwa mila zetu mzee yuko sahihi kabisa. Zawadi haiulizwi bei. Ila tazama kichekesho kilichomo. Zile za UVIKO alizozihesabu mpaka misumari zilikuwa MKOPO, wenye masharti nafuu lakini mkopo, na tutaulipa mimi na wewe na watoto wa hayo madarasa. Mtaani tukaziita "fedha za Mama", kana kwamba ametoa kwenye mkoba wake. Na lile jengo la wafadhili alilolistahi asiliulize bei halikuwa zawadi yake mzee binafsi. Lilitolewa kwa jina lake. Kuna mtu alikaa ofisini akaandika "wananchi wa wilaya ya Serengeti wana uhitaji", mwingine akasaini amepokea kwa niaba yao. Ukiombewa fedha kwa jina lako, kuuliza zilikuwa ngapi si ukosefu wa adabu.

Sasa tuangalie hizi fedha zinatembeaje, maana hapa ndipo wengi wetu tunapoachwa.

Ukisoma hotuba za bajeti za miaka ya 2000 utakuta misaada imegawanywa mara tatu. Kuna misaada na mikopo ya kibajeti, ile waliyoiita kwa kifupi GBS. Hii ni mfadhili kumimina fedha Mfuko Mkuu wa Hazina, zinachanganyika na kodi yako ya bia, halafu Bunge linazipangia matumizi zote pamoja. Kuna mifuko ya pamoja ya kisekta, wafadhili kadhaa wanachangia kapu moja la afya au la elimu. Na kuna miradi: mfadhili ana mradi wake, meneja wake, gari lake, na kibao chake.

Kapu la Hazina lilishika kasi kuanzia 2001. Wafadhili waliomimina humo walifika 14. Mwaka 2005 tukapata MKUKUTA, 2006 ikaja MKUMITA, mkakati wa pamoja wa misaada, uliosema wazi kwamba njia inayopendelewa ni ya Hazina na miradi ya pembeni ipungue. Miaka ile karibu asilimia 40 ya bajeti ilikuwa inategemea misaada na mikopo ya nje. Ilikuwa aibu, ndiyo. Wanamgambo wa mtandaoni tuliandika sana kuhusu bakuli la kuombea. Lakini nitasema jambo ambalo wengine halitawafurahisha: kapu lile lilikuwa bora kuliko tulichonacho baada yake.

Kwa nini nasema hivyo? Kwa sababu fedha ikishaingia Mfuko Mkuu, Katiba yetu inaishika. Ibara ya 135 inaweka mapato ya Serikali katika mfuko huo, ibara ya 143 inampa CAG kazi ya kukagua. Mbunge wa Serengeti anaweza kusimama akauliza. Hata asipouliza, mlango upo. Fedha ya mradi wa pembeni huuoni huo mlango. Vitabu vya bajeti vyenyewe vinakiri: Kitabu cha Nne, kile cha miradi ya maendeleo, ambamo Mara ni Fungu 77, kinatenganisha fedha za ndani na za nje, na katika za nje kinaonyesha zipi zinapita Hazina na zipi zinakwenda moja kwa moja kwenye mradi. Hizo za moja kwa moja angalau zimeandikwa. Ziko nyingine ambazo hata kwenye kitabu hazimo, zinatoka Ulaya au Marekani zinakwenda kwenye shirika, shirika linaajiri, linanunua, linaandika ripoti, linarudisha ripoti huko zilikotoka. Halmashauri wanaalikwa siku ya kukata utepe.

Najua utanijibu kwa EPA. Haki yako. Mwaka wa fedha 2005/06 kampuni 22 zilichotewa zaidi ya shilingi bilioni 133 pale Benki Kuu kwenye akaunti ya madeni ya nje, katika miaka ileile ya kapu tamu. Januari 2008 Rais Kikwete akatengua uteuzi wa Gavana Ballali, na wafadhili wakachelewesha fedha zao. Kisha 2014 ikaja Escrow ya Tegeta. Kwa mwaka 2014/15 wafadhili walikuwa wameahidi dola milioni 558 za kibajeti, mpaka Oktoba walikuwa wametoa 69 tu, karibu milioni 490 zikashikiliwa. Kamati ya Zitto Kabwe ikasoma ripoti yake Bungeni Novemba, Mwanasheria Mkuu akajiuzulu, mawaziri wakaondoka mmoja baada ya mwingine.

Wengi walisoma sakata lile kama ushahidi kwamba kapu ni bovu. Mimi nalisoma kinyume. Fedha zikiwa kwenye kapu, wizi wa Benki Kuu uliwagusa wafadhili, CAG, Bunge na magazeti kwa wakati mmoja, na kelele ikapigwa. Aliyekosekana kwenye kelele ile ni mtu mmoja tu: yule ambaye mgawo wa halmashauri yake ulichelewa na hakuna aliyemwambia ni kwa sababu gani. Mfadhili ana fimbo, anazuia dola. Wewe wa Robanda fimbo yako iko wapi kama hujui hata ulikuwa ukisubiri kiasi gani?

Tukawageukia miradi, tukidhani mradi ni salama kwa sababu una mzungu ndani yake. He he! Watu wa maliasili wanaujua mkasa wa Wanorwei. Kuanzia 1994 hadi 2006 Norwei iligharamia programu ya usimamizi wa maliasili Tanzania, karibu dola milioni 60, kupitia wizara yenye dhamana. Ilikuwa na mameneja, ilikuwa na ripoti, ilikuwa na ubalozi unaoifuatilia. Eirik Jansen, aliyekuwa akiishughulikia kutoka ubalozini kwao Dar es Salaam, alichapisha mwaka 2009 andiko lililokadiria kwamba hadi nusu ya fedha hizo huenda ilipotea kwa rushwa na matumizi mabovu. Semina, safari, posho za semina, posho za safari ya kwenda semina. Norwei ikafanya ukaguzi na kudai sehemu ya fedha irudishwe.

Angalia mzunguko wenyewe. Fedha ziliombwa kwa ajili ya misitu na wanyama wanaoishi na watu kama sisi. Zikapotea. Aliyeliona shimo ni Mnorwei, akaandika kwa Kiingereza, akasomwa Oslo, Oslo ikaidai Dar es Salaam. Mwenye msitu hayumo popote, si kwenye ombi, si kwenye semina, si kwenye deni. Na litakalolipwa, litalipwa kwa kodi yake.

Sisemi mfadhili ni mwema na sisi ndio wezi. Miradi ya pembeni wafadhili wenyewe wanaipenda kwa sababu inawapa kibao. Huwezi kuweka bendera yako juu ya Mfuko Mkuu wa Hazina. Februari 2008 George Bush alikuja Dar es Salaam akasaini na Kikwete mkataba wa MCC wa dola milioni 698, barabara, maji na umeme, na ukaundiwa taasisi yake maalumu ya kuusimamia. Kazi ilifanyika, barabara zipo, sibishi. Machi 2016 awamu ya pili ya dola kama milioni 472 ikasitishwa kwa sababu ya uchaguzi wa marudio wa Zanzibar na sheria ya makosa ya mtandao. Mimi kama mwandishi sheria ile ilinikera kuliko ilivyoikera Washington, lakini uamuzi ulifanywa na bodi iliyokaa Washington. Anayetoa anaamua, anayepokea anasikia redioni.

Kuna wanaosema hayo yamepita. Kwamba siku hizi tunajitegemea, ruzuku ya wafadhili ni kipande kidogo tu katika bajeti ya trilioni 56.49 ya mwaka 2025/26. Ukiangalia vitabu ni kweli. Ila vitabu vinaonyesha kilichoandikwa humo. Fedha ikihama kutoka Hazina kwenda mradi wa pembeni, asilimia kwenye bajeti inashuka, na sisi tunapiga makofi kwamba utegemezi umepungua. Mgonjwa bado anakunywa dawa ileile ya nje, tumeacha tu kuiandika kwenye daftari letu.

Januari 2025 daftari likatuumbua. Tarehe 20 Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ipitiwe upya. Tangu 2003 Marekani kupitia PEPFAR ilikuwa imebeba sehemu kubwa ya huduma za UKIMWI nchini, mabilioni ya dola, nyingi zikipitia mashirika na si Hazina. Miradi ikasimama, wahudumu wengi waliokuwa wakilipwa na miradi hiyo wakaambiwa wabaki nyumbani. Julai 1, 2025 USAID yenyewe ikafungwa.

Hebu jiulize kama mlipakodi: tulipoteza shilingi ngapi? Kwa nchi, sijui, labda wizarani wana namba. Kwa wilaya ya Serengeti? Kwa zahanati moja? Hakuna diwani aliyewahi kuipigia kura bajeti ile, hivyo hakuna diwani aliyeweza kusema pengo ni kubwa kiasi gani. Pengo la fedha ambayo haikuandikwa haliandikiki. Wanaotumia dawa walijua kwa njia moja tu, walipofika wakakuta yule dada waliyemzoea hayupo mezani.

Na jibu la Serikali likaja kwa njia tunayoifahamu. Hotuba ya bajeti ya Juni 2025 ilipendekeza tozo mpya za kujaza Mfuko wa Udhamini wa UKIMWI na mfuko wa bima ya afya kwa wote, ikiwemo shilingi 10 kwenye kila lita ya mafuta. Mimi siipingi tozo hiyo. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kwa muda mrefu tunaambiwa ukweli kwamba dawa zina bei na mtu fulani analipa. Lakini bodaboda wa Nata ambaye lita yake imeongezwa shilingi 10 ana haki ya kuuliza swali ambalo mzee wangu aliona haya kuliuliza wakati mlipaji alikuwa Mmarekani: kabla ya mimi kuanza kulipa, ilikuwa inagharimu kiasi gani, na kilikwenda wapi?

Watu wa Ikoma wanaweza kuuliza, asikudanganye mtu. Nendeni mkaone mkutano wa kijiji ukifika kwenye mapato ya Ikona, ile jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori ya vijiji vitano (jina ni Ikoma na Nata zimeunganishwa, kwa wasiojua). Kanuni zinataka angalau nusu ya mapato ya jumuiya iende vijijini, watu wanalijua hilo, na viongozi wanaulizwa mpaka jasho linawatoka. Hakuna aliyewafundisha semina ya uwajibikaji. Wanajua mgao wao ni sehemu gani, basi. Fedha ya mtalii wanaihesabu, fedha ya UVIKO waliihesabu. Ya mfadhili ndiyo wanaipisha kama msafara wa mkubwa.

Ninachotaka hakihitaji sheria mpya wala mfadhili wa kukigharamia. Kila halmashauri ina ubao wa matangazo. Hapo hubandikwa fedha za ruzuku kutoka Serikali Kuu, robo kwa robo, zikibandikwa. Iongezwe karatasi moja: kila shirika na kila mradi wa nje unaofanya kazi wilayani, umeleta shilingi ngapi mwaka huu, ngapi zimebaki mishahara na magari, ngapi zimefika kijiji gani, na mradi unakwisha lini. Kwa Kiswahili, na kwa shilingi, siyo yuro. Hilo la "unakwisha lini" msiliondoe, maana tarehe ya mwisho ipo kwenye kila mkataba na kijiji ndicho cha mwisho kuijua. Shirika lisilotaka kutaja lisipewe shughuli ya kukata utepe.

Wataniambia taarifa zipo mtandaoni. Zipo, nimezisoma. Miradi ya Wajerumani ina maelezo mazuri tu, kwa Kijerumani na Kiingereza, mtu wa Berlin akitaka kujua Serengeti kumejengwa nini anabonyeza. Mwandishi wa habari mwenye kitambulisho, mzaliwa wa hapahapa, nilipokwenda ofisi moja ya umma (jina nalihifadhi, nitarudi tena) kuuliza orodha ya miradi ya nje na thamani yake, nilikaa kwenye benchi kuanzia saa tatu mpaka saa saba. Mhusika yuko kikaoni. Kisha mhusika amekwenda kula. Kisha nikaulizwa, kwa upole kabisa, "Kwani kuna tatizo gani, kijana? Mradi si umekamilika?"

Nimeandika barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inawapa siku 30 kujibu. Nimeomba mambo matatu tu: majina ya miradi yote iliyogharamiwa na fedha za nje wilayani Serengeti kwa miaka mitano ya fedha iliyopita, kiasi cha kila mmoja kwa shilingi, na ni kiasi gani kati ya hicho kilipita kwenye akaunti za halmashauri. Barua imegongwa muhuri wa kupokelewa, nakala ninayo. Leo ni siku ya kumi na moja. Wadau wenye wilaya zenu, ombeni na ninyi, tulinganishe majibu.